Kilomita 10,000 za Muthangari si kilomita 10,000 za Nakuru

Wiki jana niliweka picha ya kijiti cha oili na swali moja tu: oili ya sinthetiki unabadilisha baada ya kilomita ngapi? Wasee, komenti zilijaa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni. Kambi ya kwanza ilisema elfu tatu, hakuna mjadala, hivyo ndivyo mzae alinifunza. Kambi ya pili ikasema galoni imeandikwa elfu kumi, mbona mnapenda kutupa pesa? Halafu kuna mmoja aliandika, "Wewe si uliacha kampasi? Utatufunza nini kuhusu injini?"

Huyo wa mwisho nitamjibu kwanza ju ndiye aliuma. Ni kweli. Nilikuwa nasoma takwimu, karo ikakwama mwaka wa pili, nikarudi nyumbani na godoro na laptopu. Digrii sina. Lakini kugawanya namba moja kwa nyingine sikuacha, na hii posti karibu yote ni kugawanya.

Msimamo wangu naweka hapa mapema ili mwenye haraka aende. Kama gari yako inaishi Nairobi, inazunguka Lavington, Westlands, Upper Hill, tauni na kurudi, oili ya sinthetiki badilisha kila kilomita 7,500 au miezi 6, chochote kitakachotangulia. Kwa wengi wetu kitakachotangulia ni miezi. Ukiwa mwoga ukasema 5,000, sitakukataza. Lakini elfu kumi uliyosoma kwenye galoni, sahau. Na fundi anayekuambia umwage sinthetiki halisi ikiwa imetembea elfu tatu pekee, mshukuru halafu uende zako.

Sasa nieleze nilijuaje, ju sikusoma mahali. Nililipa. Ama niseme vizuri: mathe alilipa.

Tuna Vitz, ile ya injini ndogo, cc 1,000. Mathe ni nesi. Tunaishi huku Muthangari, nyumba ya juu kabisa, mtaa ambao ukisema jina watu wanadhani una pesa mpaka waone ngazi tunazopanda. Nilipoacha shule tulifanya mkataba wa jikoni: mimi sina kodi ya kulipa, lakini gari ni mzigo wangu. Kuosha, tairi, bima nikumbushe, sevisi nisimamie. Nikasema sawa mum, hiyo ni kazi ndogo.

Sevisi ya kwanza nikiwa kiongozi, nikataka kuonyesha mimi ni mtu wa kisasa. Nikanunua sinthetiki ya 5,200, nikaipeleka gereji moja ambayo siitaji, wakabandika ile stika juu ya kioo: sevisi ijayo, kilomita 10,000. Nikapiga picha. Nikaweka hata video fupi nikijisifu kwamba watu wa kumwaga oili kila mara wamepitwa na wakati. Hiyo video nimeifuta, msiitafute.

Miezi 15 ikapita. Stika ilikuwa inaniambia bado. Gari ilikuwa imetembea kilomita 6,400. Nikahesabu, nikaona tuna 3,600 za bure. Kijiti cha oili sikuwahi kukitoa hata siku moja. Kwa nini nikitoe? Taa haikuwa imewaka.

Ikawaka. Tulikuwa tunakata kona pale James Gichuru inapokutana na Gitanga Road, mathe ametoka zamu ya usiku, amechoka, mimi ndio naendesha. Ile taa nyekundu yenye umbo la birika ikapepesa, ikazima. Kona nyingine, ikapepesa tena. Mathe akauliza, "Hiyo ni nini?" Nikamwambia ni sensa. Sijui kwa nini nilisema hivyo, nilisema tu. Tukafika nyumbani ikiwa imewaka kabisa na injini inalia kama mtu anatikisa sarafu kwenye mkebe.

Hapa kuna kitu kimoja ambacho ningetaka kila mtu mwenye gari ya mzazi aelewe. Taa hiyo nyekundu haikuambii oili inakaribia kuisha. Inakuambia presha ya oili imeanguka. Yaani pampu inavuta hewa badala ya oili, na vyuma vinasuguana sasa hivi, wakati wewe unaongea mambo ya sensa. Kwenye kona inapepesa kwanza ju oili kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa bakuli na kuacha mdomo wa pampu ukiwa mtupu. Taa hiyo ikiwaka, unasimama kando na kuzima injini. Haijalishi uko wapi, hata kama nyuma yako ni nganya inakupigia honi hadi unasahau jina lako.

Fundi alipofungua nati ya chini, ilitoka kama lita moja na nusu. Hiyo injini inataka lita 3 na kidogo. Na ile iliyotoka haikuwa oili tena. Fikiria uji wa wimbi uliolala usiku mzima, halafu uupake rangi ya lami. Fundi alichota kidogo na kidole, akakisugua, akaniangalia. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Kijana, hii gari ilikuwa inaomba msaada kitambo."

Injini nyingine ya mtumba kutoka Kirinyaga Road, pamoja na kuifunga, ilikula 68,000. Mathe anaandika matumizi kwenye daftari la jalada gumu, ana safu ya kila kitu. Nikaona amekata mstari kwenye safu moja na kuandika "injini" juu yake kwa kalamu nyekundu. Chini ya mstari bado kulisomeka: "Kurudi chuo." Sikujua alikuwa anaweka. Hakuwa ameniambia.

Basi. Turudi kwa namba.

Kilomita ni kipimo cha barabara. Injini haijui barabara. Injini inajua imezunguka kwa muda gani na imezunguka ikiwa na joto gani. Nilikaa siku kadhaa nikipima safari ya mathe ya asubuhi: kilomita 7, dakika 35. Hiyo ni mwendo wa kilomita 12 kwa saa. Mtu wa baiskeli anatuacha. Sasa chukua safari ya Nakuru: kama kilomita 160, masaa 3 ukibahatika. Hapo ni kama kilomita 53 kwa saa.

Gawanya. Kilomita 10,000 za kwenda Nakuru ni masaa 188 ya injini. Kilomita 10,000 za Muthangari ni masaa 833. Ni stika ile ile, galoni ile ile, lakini mmoja amefanya kazi mara nne na zaidi kuliko mwenzake. Zile 6,400 zetu, ambazo niliziona kidogo, zilikuwa masaa kama 533. Kwa mwendo wa barabara kuu hiyo ni zaidi ya kilomita 28,000. Najua siyo kila saa kwenye jam inaumiza sawa na saa ya kukanyaga mafuta, na siku nyingine mathe alirudi usiku barabara ikiwa wazi. Punguza utakavyo. Hata ukikata nusu, nilikuwa nimechelewa.

Na masaa siyo hata shida kubwa. Shida kubwa ni baridi.

Ukichoma lita moja ya petroli, unatoa karibu lita moja ya maji. Si utani, ni kemia ya fomu tatu. Mengi yanatoka kwa egzosi yakiwa mvuke, ndio maana asubuhi ya Julai unaona moshi mweupe na matone. Lakini kidogo kinapenya kando ya ringi za pistoni na kuingia kwa oili, pamoja na petroli kidogo ambayo haikuungua na masizi. Injini ikipata joto la kutosha kwa muda wa kutosha, hayo maji na hiyo petroli vinapanda kama mvuke na kuvutwa tena juu vikachomwe. Injini isipopata joto, vinabaki. Vinachanganyika na masizi, vinakuwa tope.

Kumbuka pia sindano ya joto kwenye dashibodi inapima maji ya rejeta, haipimi oili. Oili huchelewa kupata moto. Unaweza kuona sindano iko katikati ukafurahi, na huko chini oili bado ina baridi ya asubuhi. Kwa safari ya kilomita 7, oili inakaribia tu kuwa sawa, umeshafika, umezima. Jioni unarudia. Siku 300.

Ndiyo sababu binamu yangu anayeendesha gari ya programu za teksi, Vitz kama yetu kabisa, injini yake iko poa. Anatembea kilomita 5,000 kwa wiki sita au saba. Injini yake haipoi kuanzia asubuhi hadi usiku. Anabadilisha kila 7,000 hivi na oili inatoka nyeusi lakini bado inatiririka. Nilidhani sisi wa kutembea kidogo ndio tunalinda gari. Kumbe gari inayokaa sana na kutembea vipande vipande ndiyo inaoza mapema kwa ndani.

Hii si kitu nimebuni. Toyota wenyewe kule Japani wana ratiba mbili kwa injini za petroli zisizo na turbo. Ya kawaida ni kilomita 15,000 au mwaka 1. Ya matumizi magumu ni nusu yake: 7,500 au miezi 6. Na matumizi magumu kwao ni yapi? Safari fupi za mara kwa mara, chini ya kilomita 8 kila moja. Kukaa sana injini ikiwaka bila kusonga. Mwendo wa chini ya 30 kwa saa. Barabara mbovu zenye vumbi. Sasa niambie, hapo wameelezea nini kama si maisha yetu? Wewe kila siku unadhani unaendesha kawaida, ju kila mtu kando yako anaendesha hivyo. Kumbe mji mzima uko kwenye ile safu ya pili na stika zetu zimeandikwa kutoka safu ya kwanza.

Nilisema sinthetiki ni nzuri na bado nasema. Watu wa elfu tatu wananikasirisha kwa upande mwingine. Hiyo namba ilitoka enzi za oili ya kawaida na injini za zamani, na ilikuwa na maana yake. Sinthetiki imesafishwa na kupangwa upya kiwandani, inavumilia joto, haiungui haraka, na ukiwasha asubuhi inapanda juu ya injini mapema. Lakini oili siyo mafuta matupu. Ndani yake kuna kemikali za kuosha, za kuzuia kutu, za kulinda chuma kisilane na chuma. Hizo zinatumika, zinaisha, hata kama mafuta yenyewe bado yana nguvu. Na uchafu unaoingia hauulizi kama oili yako ni ya bei gani. Filta nayo ikijaa, kuna mlango mdogo unafunguka ili oili ipite bila kuchujwa, ju afadhali oili chafu kuliko kukosa kabisa. Kwa hivyo msee anayebadilisha oili na kuacha filta ya zamani ili aokoe mia tano, huyo ameoga akavaa nguo za jana.

Neno sinthetiki lenyewe pia lina mambo. Mwaka 1999 kule Marekani, kampuni mbili kubwa za oili, Mobil na Castrol, zilipelekana mbele ya bodi inayoamua mizozo ya matangazo. Mobil walisema wenzao wanauza mafuta ya kawaida yaliyosafishwa sana na kuyaita sinthetiki. Mobil walishindwa. Tangu hapo hilo neno likafunguka, na leo galoni mbili zenye neno hilo moja zinaweza kuwa zimetengenezwa kwa njia tofauti kabisa. Zote zinaweza kuwa nzuri. Ila usinunue neno la mbele. Geuza galoni, angalia ile alama ya duara ya API. Herufi zinazoanza na S ni za petroli, na kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo kiwango kilivyo kipya. SN ni ya 2010, SP ni ya 2020. Halafu angalia uzito, 0W-20 au 5W-30, ulingane na kitabu cha gari yako. Ikiwa kitabu ni cha Kijapani, na kwa magari yetu ya mtumba huwa hivyo, siku hizi simu inatafsiri ukielekeza kamera tu. Hakuna kisingizio.

Nasema uzito ju hapa kuna vita nyingine. Fundi wengi wa mtaa wanapenda 20W-50. Wanakuambia hii nyembamba ni ya nchi za barafu, huku kwetu ni jua, weka nzito. Nilikuwa naamini. Lakini ile namba yenye W inahusu injini ikiwa baridi, wakati wa kuwasha, na hakuna asubuhi duniani ambapo injini iliyolala inataka kungoja oili nzito ipande polepole. Namba ya pili ndiyo ya injini ikiwa na moto. Na injini hizi mpya zina vijia vyembamba vya oili vinavyoendesha hadi mpangilio wa valvu. Ukizimwagia uji, unalipia kwa petroli kila mwezi, na EPRA hawakuongezei huruma tarehe 14. Kuna injini zilizochoka ambazo fundi mzuri anaweza kuziongezea uzito kidogo ili zisile oili, hiyo ni kesi ya daktari na mgonjwa wake. Si sheria ya kila mtu.

Nikisema hayo, sitaki muone kama nawakandia fundi. Yule aliyefungua injini yetu hana cheti ukutani na alijua zaidi ya ile gereji yenye sofa na dispensa ya maji. Ninachokataa ni namba moja kwa kila mtu.

Sasa tuongee kuhusu oili bandia, maana unaweza kufuata haya yote na bado ukamwagiwa maji ya kuosha masufuria. Njia inayotumika ni rahisi: galoni tupu ya kampuni yenye jina, oili iliyotumika ikachujwa kidogo au ya bei ya chini, kifuniko kikabandikwa, karibu mteja. Galoni tupu zina soko, jiulize kwa nini. Mimi sasa ninanunua mwenyewe kwa petroli stesheni au duka la wakala, naangalia mshipi wa kifuniko haujakatika, natuma namba ya alama ya KEBS kwa 20023, na baada ya sevisi natoboa galoni kwa msumari mbele ya kila mtu. Mara ya kwanza fundi alicheka. "Bosi, kwani umeikasirikia?" Nikamwambia ndiyo.

Na hapo kwa galoni kuna hadithi ndogo inayoniudhi kuliko zote. Galoni ni lita 4. Injini yetu inakunywa lita 3 na kidogo. Ile inayobaki huenda wapi? Sevisi zote kabla yangu mathe aliacha galoni pale pale. Hakuna aliyemwambia hiyo ni mali yake. Sasa fikiria: kwa injini ya lita 3, lita 1 ikipotea ni theluthi ya damu. Na ile lita iliyoachwa gereji ndiyo ingetuokoa, tungeongeza kidogo kidogo miezi ile yote. Kwa hivyo beba galoni yako nyumbani. Na ukiwa unaongeza, usipitishe alama ya juu ya kijiti. Oili ikizidi sana inachapwa na kufanya povu, na povu halilindi chuma.

Kijiti chenyewe hakihitaji ujuzi. Asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa mahali pa tambarare. Toa, pangusa, rudisha hadi mwisho, toa tena, soma. Iko kati ya alama mbili, sawa. Dakika moja. Mimi hufanya Jumapili wakati mathe anatafuta funguo za kanisa, maana hapo huwa kuna dakika kumi za bure. Rangi nyeusi peke yake isikutishe, oili inayoosha lazima ichafuke. Utishike ikinuka petroli, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au ikishuka kutoka wiki moja hadi nyingine.

Kuna mtu ataniuliza, na gharama? Poa, tuhesabu. Sinthetiki ya 5,200 mara mbili kwa mwaka ni 10,400, weka filta mbili na kazi, hebu sema 14,000. Sisi tuliruka sevisi moja na nusu hivi, tukaokoa kama elfu kumi. Tukalipa 68,000. Kama sinthetiki mara mbili ni nzito kwa mfuko wako, basi weka oili ya kawaida yenye uzito unaofaa na alama ya API inayoeleweka, ubadilishe kila kilomita 5,000 au miezi 4. Hakuna aibu. Oili ya bei nafuu iliyobadilishwa kwa wakati inaishinda ya bei ghali iliyosahaulika, na mimi ndiye ushahidi.

Au pia, mara moja kwa wiki mbili, toa gari nje ipate moto. Mathe sasa ana shosho wa kutembelea Limuru, tunapanda Waiyaki Way hadi huko juu, nusu saa au zaidi ya mwendo wa kweli. Shosho anafurahi, oili inakausha maji yake. Usiiache tu ikiwaka kwa parking dakika ishirini ukidhani unaipasha, hapo unaongeza masaa bila joto la maana.

Oili iliyotoka, tafadhali, usimwage kwenye mtaro. Nimeona kwa macho yangu jamaa akimwaga kwa mfereji wa mvua, na mitaro ya upande huu inaishia mtoni. Mto Nairobi unatoka safi kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukitufikia tayari tumeshauonyesha. Rudisha kwenye galoni (kabla ya kuitoboa, nilijifunza hivyo kwa njia ya kuchafua viatu) na umuulize fundi wako anampa nani. Gereji zinazojielewa zina pipa, na kuna watu wanakuja kuikusanya. Na kama fundi hana jibu, hilo pia ni jibu.

Stika yetu ya sasa haikutoka gereji. Mathe aliiandika mwenyewe kwa ile kalamu nyekundu, mistari miwili: kilomita na tarehe. Chini akaongeza jina langu, kama vile wanavyoandika nesi wa zamu. Tarehe ni Jumamosi hii. Filta nimeshanunua.

Na wewe wa Subaru yenye turbo uliyeandika "mimi huenda elfu kumi na tano na bado inanguruma": huko Japani ratiba ya Toyota kwa injini za petroli zenye turbo ni kilomita 5,000 au miezi 6, na kwa matumizi magumu ni 2,500 au miezi 3. Fungua kitabu cha gari yako uone yako inasema nini, halafu toa kijiti. Niletee picha kwa inboksi. Sitakucheka, mimi nilisema ni sensa.